Siku Tulipoishona Huruma

Redio ya Mama Themosi haijawahi kuanzisha jambo likaisha salama. Juzi, saa nne asubuhi, tukiwa barazani kwa Ilyasi hapa Nyamirambo, mtangazaji alisema kwa sauti ya mtu aliyeshiba: kongamano la kimataifa la falsafa linafunguliwa leo alasiri kule Kimihurura, mtaa wa wakubwa. Wanafalsafa wametoka nchi thelathini. Watakaa siku tatu kutafuta jibu la swali moja tu: je, wema na huruma vina nafasi gani katika falsafa?

"Nchi ngapi?" akauliza Podikasti, akichomoa kidude chake cha sikioni.

"Thelathini," nikamjibu.

"Banange! Watu wa nchi thelathini wanapanda ndege kuja kuuliza hiyo? Si wangepiga simu?"

"Wapigie nani?" akasema Mama Themosi, akimimina chai. "Namba ya huruma nani iko nayo?"

Tukacheka. Podikasti ndiye Eddie, amekulia Kampala, anauza vifuniko vya simu, na tangu asubuhi hadi jioni husikiliza watu wanaofundisha maisha kwa wale wasiokuwa nayo. Mama Themosi ni Mukabalisa, mwenye chai, chapati na ulimi. Pembeni alikuwepo Mzee Silvère, tunayemwita Seminari. Alisoma falsafa seminarini miaka minne, akatoka kwa sababu ambayo hubadilika kila mwaka, na sasa anawaandikia watu barua za maombi. Mimi ni fundi saa, wananiita Dakika. Katika mji ambao kila mtu anatazama saa kwenye simu, nina nafasi kubwa ya kusikiliza.

Watu wawili hawakucheka. Ilyasi, mwenye baraza, hakucheka kwa sababu mifuko ya kongamano hilo hilo ilikuwa imejaa kwake hadi mlangoni. Mifuko mia tatu ya kitenge yenye zipu, kila mmoja umeandikwa IMPUHWE kwa herufi nyeupe, maana yake huruma, ili kila mwanafalsafa apate pa kutia daftari. Gari lingekuja kuichukua saa sita kamili, na ilibaki sitini haijashonwa. Cherehani za Ilyasi ni tatu: overloki ya kupitisha kingo, anayoikalia mwenyewe, ndipo akaitwa Overloki, moja mbovu tangu Ramadhani, na ya tatu ni ya Mukeshimana, fundi wake.

Mukeshimana naye hakucheka kwa sababu alikuwa na msiba. Mzee Kubwimana, fundi aliyemfundisha kushona, alikuwa amefariki Kabuga na anazikwa siku hiyo saa nane. Kutoka hapa hadi Kabuga unavuka mji mzima, unabadilisha basi Remera, unapanga foleni mara mbili. Asiyetoka Nyamirambo saa tano atakutana na watu wanarudi. Mwanamke huyo alikuwa ameomba ruhusa tangu juzi yake, na Ilyasi alimjibu "tutaona". Baraza zima tunaijua "tutaona" ya Ilyasi. Haijawahi kuona kitu.

"Bosi," akasema Mukeshimana, mguu haujaacha pedeli. "Saa tano natoka."

"Saa tano! Na mifuko sitini nimwachie nani? Nimwachie Dakika?"

"Nitashona haraka. Nitabakisha thelathini hivi. Hiyo utamalizia wewe. Na wewe pia iko fundi."

"Dada yangu, nisikilize. Ruhusa ya msiba ni ya ndugu. Baba, mama, mume, mtoto. Kubwimana alikuwa nani wako? Si baba yako, si mjomba wako."

"Alikuwa mwalimu."

"Mwalimu! Kila mtu ana mwalimu. Tukifunga kazi kila anapokufa mwalimu, watu wa mji huu watavaa nini?"

Hapo Seminari akakohoa. Seminari akikohoa namna ile, ficha kikombe chako, kwa maana atakaa muda mrefu na chai yake itaisha.

"Voilà!" akasema. "Ilyasi bila kujua ameuliza swali la wakubwa. Huruma ina mpaka au haina? Ukimhurumia huyu, umemwacha yule. Mukeshimana anamhurumia mzee aliyekufa, donc anamwacha Ilyasi aliye hai. Na kimantiki, maiti hana mahitaji."

"Maiti iko na bibi," akasema Mama Themosi.

"Nasema kimantiki, mama."

"Na mimi nasema bibi. Huyo mama leo atakaa kwa kiti, atakuwa anaangalia nani amefika na nani hakufika. Hata wewe siku yako utaangalia, hata kama umelala ndani ya sanduku."

"Mimi niko upande wa muzehe Seminari," Podikasti akadakia. "Kuna jamaa namsikiliza, iko na watu milioni mbili. Anasema huruma ni ugonjwa. Unabeba shida ya watu, unachoka, unakufa maskini. Mtu ya akili anajipenda kwanza. Ni maindseti tu."

"Huyo jamaa yako, akiumwa nani anamuuguza?"

"Hiyo hajasema."

"Muulize. Kwa watu milioni mbili hatakosa mmoja wa kumpelekea uji."

Podikasti akatafuta jibu kwenye simu. Seminari akanyoosha vidole viwili, kimoja kina wino.

"Écoutez. Falsafa ina shule mbili juu ya jambo hili. Shule ya kwanza inasema wema ni wajibu, si hisia. Ukimpa mtu maji kwa sababu roho imekuuma, hujafanya wema, umejituliza mwenyewe. Lakini ukimpa maji huku hutaki, umenuna, unampa kwa sababu ni wajibu tu, hapo ndipo penye wema."

"Kumbe mimi ni mtakatifu," nikasema. "Kila kitu nafanya sitaki."

"Na shule ya pili?" akauliza Podikasti.

"Ya pili inasema huruma ndiyo mzizi. Asiyeumwa na maumivu ya mwenzake, hata awe na akili namna gani, hawezi kujua lipi jema. Lakini hao hawakufika mbali."

"Kwa nini?"

"Waliandika vitabu vifupi."

Mama Themosi aligeuza chapati, akaipiga kwa kiganja kana kwamba imemkosea. "None se, haya basi, muzehe, hizo shule zako mbili, kuna moja iliwahi kutoka ikaenda gutabara?"

Gutabara kwetu ni kumwendea mfiwa. Hualikwi, hutumi mtu. Unakwenda kwa miguu yako, unakaa naye, unazika naye, halafu mnakwenda kunawa mikono pamoja na kunywa kitu. Ukikosa bila sababu, watu hawakusemi. Watakungoja tu hadi zamu yako ifike.

"Mnaona sasa," Mama Themosi akaendelea. "Falsafa inakaa kwa kichwa. Huruma inakaa kwa miguu. Kama miguu haijaenda, hiyo ni maneno, na maneno hata redio yangu iko nayo."

"Mimi nimeshatuma rambirambi!" Ilyasi akafoka kutoka nyuma ya overloki. "Wallahi nimetuma! Kwenye gurupu. Niliandika poleni sana, nikaweka na ile mikono miwili ya kuomba."

"Gurupu gani?" nikauliza.

Nikamwona anatamani kuyameza tena maneno yake. "Gurupu... la mafundi."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo pedeli ya Mukeshimana ikasimama. "Gurupu ya wanafunzi wa Mzee Kubwimana," akasema. "Waambie, bosi. Waambie nani alikufundisha kukata kanzu."

Sote tukamgeukia Ilyasi. Miaka tisa tumekaa barazani hapo tukiambiwa kwamba ushonaji aliurithi kwa babu yake, mfanyabiashara aliyetoka pwani na mkasi mkononi. Kila Idi hadithi hiyo huongezewa kipande. Idi iliyopita babu alikuwa amefika hadi kumshonea mfalme.

"Na mkasi wa babu?" nikamuuliza.

"Mkasi ulikuwepo," akasema Ilyasi. "Ila hapakuwa na aliyejua kuutumia, mpaka nilipokwenda kwa Kubwimana. Miezi minane tu!"

"Miaka miwili," akasema Mukeshimana. "Wakati huo karakana yake iko hapa hapa Nyamirambo, mimi nilikuja nyuma yako. Ulikula kwake, ulilala kwake. Na kwa sababu wewe ni Mwislamu na wao wanakula nguruwe, bibi yake alienda sokoni akakununulia sufuria yako peke yako. Hakuna mtu mwingine alikuwa anapikiwa ndani yake."

Ilyasi akakitazama kitenge mikononi mwake. Nilidhani atalia. "Ilikuwa sufuria ndogo," akasema.

"Kimantiki," akaanza Seminari, "udogo wa sufuria..."

"Nyamaza, muzehe!" tukamkemea watatu kwa pamoja, na huo ndio ulikuwa umoja wetu wa kwanza siku hiyo.

Ilyasi akasimama, akafuta jasho kwa kipande cha IMPUHWE. "Mnadhani mimi sina roho? Yule binti wa kongamano, Shimwa, ameniahidi. Mifuko ikiwa tayari saa sita, sare za hoteli nzima nashona mimi. Hoteli nzima! Wapishi, walinzi, wafagizi. Ikichelewa, kazi anapewa mtu mwingine, na huyu Mukeshimana mwenyewe atakosa cha kushona. Mimi namhurumia yeye kuliko anavyojihurumia. Mzee Kubwimana angekuwa hai, angesema Ilyasi, maliza kazi."

"Angekuwa hai tusingekuwa tunabishana," nikasema.

"Wewe Dakika tengeneza saa zako."

Nilizitazama. Nina saa kumi na nne ukutani, na kumi na moja kati yake zilisema saa tano. Mukeshimana alikuwa amepunguza mifuko ikabaki thelathini na mmoja. Hakuanza mwingine. Alikata uzi, akaupangusa vumbi mdomo wa cherehani, akavua aproni, akajifunga kitenge cheusi alichokuwa amekikunja kwenye kikapu tangu nyumbani.

Mbele ya baraza letu pana mfereji wa maji ya mvua, na juu yake ubao wa kuvukia. Ilyasi akaunyooshea kidole.

"Mukeshimana. Ukivuka ubao huo leo, usiuvuke tena kurudi."

Hapo ndipo mtu mwenye huruma angesema neno. Tulikuwa wanaume watatu wazima, tumetoka kuichambua huruma saa nzima, shule ya kwanza na shule ya pili. Seminari alitazama ndani ya kikombe chake. Podikasti alirudisha kidude sikioni. Mimi nilichukua saa isiyokuwa na ubovu wowote, nikaifungua, nikaanza kuitengeneza. Naona haya kusema hivyo, lakini nikinyamaza Mama Themosi atawaambia.

Mukeshimana hakugomba. "Sawa, bosi," akasema. "Mwihangane." Hilo ndilo neno tunalowapa wafiwa, na alimpa kwa adabu zote, kwa kuwa hata yeye Ilyasi alikuwa amefiwa. Kisha akavuka.

Nyuma yake tukasikia jiko linazimwa kwa maji. Mama Themosi alikuwa amebeba themosi mbili kwa mkono mmoja na beseni la chapati kwa mwingine.

"Mama, unaenda wapi?" akalia Podikasti. "Chapati yangu bado!"

"Kabuga."

"Kwani ulimjua huyo mzee?"

"Sikumjua. Mtu haendi kwa mazishi peke yake." Akaona tunavyomtazama, akakasirika. "Msiniangalie hivyo! Huko watu ni mingi, nitauza." Naye akavuka. Hakuna mtu aliyewahi kuuza chapati msibani tangu dunia iumbwe, lakini tulimwacha na uongo wake.

Ikabaki falsafa na mifuko.

Ilyasi akahamia kwenye cherehani ya Mukeshimana. Miaka saba alikuwa hajashona zipu. Kazi yake ilikuwa kupima viuno vya watu, kukata vitambaa na kupitisha kingo kwenye overloki. Alishika mfuko wa kwanza, akaugeuza huku na huku, akatutazama.

"Jamani," akasema, "nisaidieni."

Kumbe neno hilo alikuwa analijua.

Seminari akasimama. Sijawahi kumwona ana furaha kiasi kile. "Kazi ni mpangilio," akatangaza. "Tusiende kwa hisia. Kwanza, zipu zote zifungwe. Kwa nini? Kwa sababu kilichofungwa hakichezi, na kisichocheza kinashoneka sawa. Pili, tushone pande zote. Tatu, mwishoni kabisa, tugeuze mifuko yote kwa mara moja. Voilà, akili."

"Mukeshimana alikuwa anaacha zipu wazi kabla ya kushona pande," nikasema. "Nimemwona."

"Kwa nini?"

"Sijui kwa nini."

"Basi hayo ni mazoea," akasema Seminari, "si sababu."

Ningesema nini mbele ya elimu?

Tulifanya kazi, msidhani tulilala. Seminari alifunga zipu moja baada ya nyingine akizihesabu kwa Kifaransa. Mimi nilishika pembe zisiteleze. Ilyasi alikanyaga pedeli mpaka kofia ikamdondoka. Podikasti alikata nyuzi, na katikati ya kukata akatueleza kwamba timu ni kila kitu, yule jamaa wa milioni mbili ameshasema. Saa sita kasoro dakika tano mfuko wa thelathini na mmoja ukatoka chini ya sindano. Tukapigana viganja. Kwa dakika moja nzima niliamini kwamba Mukeshimana alikuwa anatuzungusha miaka yote hiyo.

"Sasa tugeuze," akasema Seminari.

Mfuko wa namna hii hushonwa kinyume: upande mzuri ndani, mishono nje. Ukimaliza unaingiza mkono kwenye mdomo wa zipu, unauvuta utoke. Ilyasi alishika mfuko, vidole vyake vikautafuta mdomo. Vikatafuta juu, vikatafuta chini, vikazunguka.

"Mlango uko wapi?" akauliza.

Kile kishikio cha zipu kilikuwa ndani. Zipu ilikuwa imefungwa, na pande zote zimeshonwa juu yake mara mbili. Pa kuingilia hapakuwepo. Tulikuwa tumeshona mito midogo thelathini na mmoja isiyo na pamba, mishono yake nje kama nguo iliyovaliwa gizani, na neno IMPUHWE liko ndani kabisa ambako hakuna mtu angelisoma mpaka kiama.

"Fumua!" Ilyasi akapiga kelele. "Fumua yote!"

Honi ikalia barabarani. Shimwa alishuka garini na beji shingoni na simu mbili, moja sikioni. "Iko tayari? Sawa sawa. Nimechelewa sana," akasema, hatukujua anasema na sisi au na simu. Ilyasi alikuwa ameisukuma ile mifuko yetu chini kabisa ndani ya magunia ya kubebea. Binti alihesabu magunia, hakuhesabu mifuko. Dereva akapakia. Gari likaondoka kwenda Kimihurura na huruma yote, ile ya kufunguka na ile isiyofunguka.

Alasiri ile Ilyasi alizima simu yake, akakaa mbele ya cherehani isiyo na mtu. Saa nane ilipofika hakuna aliyeitaja, ingawa ukutani kwangu zile kumi na moja ziliigonga moja baada ya nyingine.

Asubuhi iliyofuata tulifika mapema kama watu wanaongoja matokeo ya hospitali. Chai haikuwepo, redio haikuwepo. Podikasti akafungua habari kwenye simu yake, na hapo tukamsikia profesa mwenyewe aliyefungua kongamano, anahojiwa.

"Nilikuwa na hotuba ya kurasa arobaini," alisema. "Kabla sijaanza, nikamwona mwenzangu mmoja anapambana na mfuko wake. Haufunguki! Nikauomba, nikaushika. Mishono yote iko nje, makovu yote tunayaona. Na ndani, nilipopapasa, nikaligusa neno. Huruma, imefungiwa ndani ya mtu, haina mlango. Niliiweka hotuba chini. Tumeujadili mfuko ule kwa saa tatu. Wapo waliotoa machozi. Wale waliopewa mifuko ya kawaida walikuwa wanaomba kubadilishana. Sijui fundi huyo ni nani, lakini yeye ni mwanafalsafa kutuzidi sisi sote."

Podikasti akairudisha, tukaisikiliza tena. Ilyasi akawasha simu yake, na papo hapo ikalia. Shimwa. Wanataka mingine mia mbili kwa siku ya kufunga kongamano, yote ile ya kutofunguka. Na kuhusu sare za hoteli, asiwe na wasiwasi.

Mpe mtu sifa asizostahili, utaona jinsi kumbukumbu yake inavyofanya kazi. Haikupita robo saa Ilyasi akawa ameshakumbuka kwamba alikusudia. "Nilipokuwa nakata kitenge," akasema, mkono kifuani, "nilijiuliza: moyo wa binadamu una zipu?"

"Pardon!" Seminari akaruka. "Zipu zilikuwa zangu. Nani alisema zifungwe?"

"Ulisema kwa mantiki. Mimi nilishona kwa uchungu."

"Uchungu gani? Ulisema fumua!"

"Wazee, wazee," akasema Podikasti, "hiyo nyuzi nani alikata? Tufungue chaneli yetu. Wanafalsafa wa Nyamirambo. Watu milioni mbili hawa hapa."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema kwamba bila aliyeshika pembe hapana mfuko.

Ugomvi ulikuwa umefika kwenye kuvutana mashati tuliposikia ubao wa mfereji unalia. Mama Themosi alitangulia na themosi zake na beseni tupu. Nyuma yake Mukeshimana, bado na kile kitenge cheusi, viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Karibu, karibu!" Ilyasi akafungua mikono miwili. "Jana tuligombana kidogo, yamekwisha. Nimekusamehe."

"Umenisamehe," akasema Mukeshimana.

"Kwa wema tu. Na kazi ipo! Mifuko mia mbili, yote imefungwa, haina mlango. Mambo ya falsafa, nitakueleza."

Akamwonyesha kwa mikono ilivyoshonwa. Mukeshimana alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa upande, vile anavyomsikiliza mteja anayetaka suruali yenye mguu mmoja.

"Hiyo siijui, bosi. Mzee hakutufundisha hiyo. Nimekuja kuchukua mkasi wangu. Bibi yake ameomba nikae Kabuga, karakana isifungwe."

Akaingia ndani. Tukasikia droo inavutwa. Ilyasi akaangalia mlango, akaangalia chini, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mazishi yalikwendaje?"

"Tulifika wanateremsha jeneza," akajibu Mukeshimana akitoka, mkasi umefungwa kwenye kitambaa. "Baadaye wakati wa kunawa, wakasoma majina ya wanafunzi wake. Kila mtu anasimama, anasema jina na nguo ya kwanza mzee alimfundisha. Tulisimama kumi na tisa. Wengine wametoka mbali, mmoja ametoka Goma. Wakasoma Ilyasi. Wakasoma mara ya pili."

"Ukasema nini?"

"Mimi sikusema. Bibi yake ndiye aliniuliza. Ilyasi wangu hajaja? Nikamwambia iko kazini, anashonea wakubwa wa Kimihurura mifuko ya impuhwe."

"Akakasirika?"

"Hapana. Alifurahi sana. Akasema hiyo ni kazi nzuri, mtu asikusumbue. Akawaambia watu wote wakuombee, na tukakuombea."

Akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, na wa mwisho akampa Ilyasi, wa mikono miwili kama anavyopewa mtu mkubwa. Akavuka ubao. Seminari akakumbuka barua ya mtu. Podikasti akakumbuka mteja. Mifuko iliyokuwa na wenyewe wanne dakika tano zilizopita sasa haikuwa ya mtu yeyote. Mimi nilibaki kwa sababu saa zangu ziko pale.

Ilyasi alisimama ukingoni mwa mfereji. Kisha akavaa kofia yake, akaipangusa, akamgeukia Mama Themosi aliyekuwa anawasha jiko.

"Basi la Kabuga," akauliza, "ukifika Remera linapandiwa upande gani?"

Mama Themosi hakuinua kichwa.

"Leo hawaziki," akasema.